Yatima wa Malkia

Bwana Piers Wyvill alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, akimfukuza kulungu katika matope ya bonde la Scarth, kule kaskazini ya York. Alikuwa mtu wa kicheko na makelele, hodari wa kunywa, na majirani walimzika wakasahau upesi. Aliyebaki na kilio ni mkewe, Thomasin, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mwenye mtoto mmoja tu, Ambrose, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza minne.

Matanga hayajaondolewa, ikaja habari iliyompokonya Thomasin hata nafasi ya kumlilia mume. Ardhi ya Scarth ilikuwa ardhi ya taji. Mwenye ardhi ya namna hiyo akifa akaacha mrithi mdogo, mtoto huwa wa Malkia. Mama hata awe hai na mzima wa afya, mtoto huitwa yatima wa Malkia. Na Malkia hana nafasi ya kulea watoto wa watu. Humpa mmoja wa wakubwa wake anayempendeza, kama mtu anavyompa rafiki mbwa wa kuwindia, na huyo humlea, hula mazao ya ardhi yake, na humwoza amtakaye. Ambrose alipewa Mwinyi Stanmere, mtu mwenye jina kubwa katika kasri, ambaye hakuwahi kufika Scarth wala hakujua iko upande gani wa nchi.

Watu wa Mwinyi walikuja wakati wa mvua, wakiongozwa na msimamizi wake, mzee mmoja mnene aitwaye Crouch. Alikaa karibu na moto akikausha soksi zake, akala pai ya nyama kama aliyealikwa.

"Bibi, usifanye kama mtoto anakwenda kunyongwa," alisema. "Anakwenda kula mkate mweupe."

"Ana miaka minne."

"Ndiyo umri mzuri. Wakubwa kidogo hulia njia nzima, hata farasi wanachoka nao."

Thomasin alimvika mwanawe nguo zote nzuri alizokuwa nazo, moja juu ya nyingine, kwa kuwa hakujua nani atamfungulia sanduku huko aendako. Alitaka kumwambia neno la kukumbuka, lakini kila neno alilolifikiria lilikuwa la kumtia mtoto hofu, akalimeza. Mwisho alimwambia amheshimu farasi. Ambrose alikuwa na furaha. Crouch alimpakata mbele yake, akampa hatamu azishike, na mtoto akazikazia macho hatamu zile kwa bidii yote. Walipopinda kwenye ukuta wa mawe Thomasin alingoja ageuke amtazame. Hakugeuka. Alikuwa anaendesha farasi.

Ndugu yake Thomasin, Oswin Askew, alikuja kumpa ushauri wa kiume. "Olewa," alimwambia. "Kuna mjane huko Richmond, ana nyumba nzuri na meno yake yote. Utazaa wengine."

"Sitaki wengine. Namtaka huyu."

"Huyu si wako tena, dada."

"Basi uende ukaliambie tumbo langu, Oswin, maana halijasikia."

Hakuolewa. Alimwandikia Mwinyi Stanmere kuomba kumwona mtoto, hakujibiwa. Akaandika tena. Mwaka wa tano, alipoona anazeeka kwa kutazama njia, alifunga mzigo wake akaenda London mwenyewe, akiongozana na wauza sufu, hadi akaingia nyumba kubwa ya Stanmere iliyokuwa ukingoni mwa mto Thames.

Mwinyi hakuwepo; alikuwa Greenwich pamoja na Malkia. Aliyempokea ni mke wake, Bibi Honora. Thomasin alikuwa amejiandaa kukutana na mwanamke mkali, na maneno yake yote aliyapanga kwa ajili ya mwanamke mkali. Akamkuta mtu mwembamba, mwenye makovu ya ndui shavuni aliyoyafunika kwa poda, amekaa na shali mabegani japo ilikuwa jua la kiangazi.

"Najua wewe ni nani," Bibi Honora alisema. "Mmefanana kipaji cha uso. Kaa."

"Sikuja kukaa, Bibi Mkubwa. Nimekuja kumwona mwanangu."

"Kaa, tafadhali. Mimi siwezi kuzungumza na mtu aliyesimama, shingo inaniuma." Alingoja hata Thomasin akakaa. "Nimezika wana watatu katika nyumba hii. Wa mwisho alikufa miezi miwili kabla Ambrose hajaletwa. Nilipomwona mara ya kwanza sikutaka hata anikaribie. Usiku wa tatu akaumwa sikio, akalia, wakaniletea. Tangu siku hiyo ananiita mama."

Thomasin alifungua kifundo cha mzigo wake, akakifunga tena.

"Sikukuibia," Bibi Honora aliendelea polepole. "Sikumwomba Malkia mtoto. Mume wangu ndiye aliyeomba, tena aliomba ardhi. Lakini sasa yupo, na sina mwingine. Ukimtokea leo ukamwambia wewe ndiwe mama yake, mimi nitakuwa nani?"

"Na mimi, Bibi Mkubwa? Mimi ni nani sasa?"

Wanawake wale wawili walitazamana. Uwani mtu alikuwa anamkemea mbwa. Bibi Honora ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

"Nahitaji mpambe," alisema. "Wa kunivisha na kunitengeneza ninapokwenda kasri. Ukae nyumbani kwangu, umwone kila siku ya Mungu. Utatumia jina la kwenu, siyo la mume. Na utaapa juu ya Biblia kwamba hutamwambia mpaka mimi mwenyewe nikupe ruhusa. Siku utakayomwambia bila ruhusa yangu, utatoka, na Mwinyi atahakikisha hurudi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Thomasin alipima mambo mawili, kumkosa mtoto kabisa au kumwona bila kumwita, akaona la pili ni shibe kidogo na la kwanza ni njaa tupu. Akaapa. Jioni ile ile alimwona Ambrose akipita ukumbini, mtoto wa miaka tisa mwenye magoti yenye vidonda, akila tufaha. Mtoto alimwamkia kama alivyowaamkia wapambe wote, akapita.

Wapambe wenzake walimpokea kwa mdomo. Aliyekuwa hodari wao alikuwa Parnell Goode, binti wa mfanyabiashara wa London, mwenye ulimi uliokata pande zote mbili.

"Sema tena 'maziwa,'" Parnell alimwambia wiki ya kwanza. "Jamani, njooni msikie watu wa kaskazini wanavyosema 'maziwa.' Kama ng'ombe ndiye anayeomba mwenyewe."

"Ng'ombe wa kwetu wana adabu," Thomasin alijibu. "Hawacheki na chakula mdomoni."

Parnell alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo wakawa marafiki, ingawa Thomasin hakumwambia siri yake.

Kazi ya mpambe haina mwisho. Bibi Honora alikuwa akienda anakokwenda Malkia: kipupwe Whitehall, kiangazi Greenwich au Richmond ile ya karibu na London, na kila safari ilikuwa masanduku, pini, wanga na mabishano juu ya chumba. Thomasin alijifunza kukaza kola za mikunjo kwa wanga mpaka zikasimama zenyewe, na kusimama nyuma ya ukuta wa watu saa nyingi bila kuegemea kitu. Nchi nzima iliutamani ulimwengu ule. Kwake yeye kasri ilikuwa mahali penye baridi ambapo mara nyingine mwanawe hupita akibeba birika la kunawia wakubwa. Alimwona akifundishwa kucheza ngoma za kasri, akikanyaga vidole vya wasichana. Alimwona akipigwa kwa kosa la mwingine akanyamaza, akajua ule ukaidi umetoka kwa nani. Alipoumwa, Bibi Honora ndiye aliyekaa kitandani pake, na Thomasin akapeleka supu mpaka mlangoni.

Siku moja ya Krismasi, Ambrose akiwa na miaka kumi na miwili, alikuja mbio chumba cha wapambe, shati limechanika begani, na karamu ya Malkia imekaribia. Parnell na wengine walikuwa wamekwisha tangulia. Thomasin akachukua sindano.

"Ulikuwa unapigana?"

"Nilikuwa nazungumza," Ambrose alisema, "na mtu asiyesikia vizuri."

Alishona. Alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya nywele zake, harufu ya moshi na siki.

"Bi Askew, wewe ni mtu wa kaskazini."

"Ndiyo, bwana mdogo."

"Na mimi nimezaliwa huko. Scarth. Unapajua?"

"Napajua."

Akageuka ghafla, sindano ikamchoma Thomasin kidoleni. "Basi pengine ulimwona mama yangu. Mama aliyenizaa."

Thomasin alikata uzi, ingawa kazi haikuwa imekwisha, akaanza kutunga mwingine. "Nilimwona. Zamani."

"Alikuwaje?"

"Mwanamke wa kawaida. Alikuwa mrefu kidogo."

"Huku jikoni wanasema aliolewa mara tu nilipoondoka. Ana watoto wengine, na mimi hanikumbuki."

"Nani kasema hivyo?"

"Watu. Crouch."

"Crouch hajui. Alikulilia sana, bwana mdogo. Hilo nilishuhudia mwenyewe."

Ambrose alifikiri kidogo, kwa uso ule wa watoto wanaojaribu kuwa na haki. "Kulia hata mimi nalia nikipigwa. Halafu naendelea na mambo yangu. Kama alilia, mbona hakuja?"

Mlango wa moyo wa Thomasin ulikuwa wazi, na neno limesimama kizingitini. Alikumbuka Biblia. Alimkumbuka pia Bibi Honora, ambaye asubuhi ile alikohoa damu kwenye leso akamwomba asiseme kwa mtu. Na zaidi ya yote aliogopa kwamba atafukuzwa kesho, asimwone tena.

"Simama wima," alisema. "Nitakushona na ngozi."

Akamaliza. Ambrose akamshukuru vizuri, akaenda kumshikia mtu mkubwa birika. Thomasin hakwenda karamuni usiku ule. Alisema anaumwa tumbo.

Miaka ikaenda. Ambrose alipofika kumi na sita Mwinyi Stanmere alimwoza Lettice, mpwa wake, ili ardhi ya Scarth isitoke katika ukoo. Bahati njema ilikuwa kwamba vijana wale walipendana, au tuseme walichekeshana, na hilo ni zaidi ya walilopata wengi katika kasri ile. Baada ya kanisa bwana na bibi arusi walipiga magoti kuomba radhi ya wazazi, kama ilivyo desturi. Ambrose alipiga magoti mbele ya Bibi Honora. Bibi akamwekea mikono kichwani, akaomba dua huku machozi yakiharibu poda. Thomasin alikuwa amesimama nyuma yake hatua moja, amemshikia glavu. Midomo yake ilisogea, lakini Parnell, aliyekuwa ubavuni mwake, alidhani anasali tu kama watu wengine.

Bibi Honora alikufa miaka minne baadaye, mwezi wa Machi, kwa kifua kile kile. Siku ya mwisho aliwatoa watu wote akabaki na Thomasin.

"Mwambie," alisema. "Nimekungojesha mno. Nilikuwa nasema kila mwaka, mwaka huu nitamruhusu. Halafu ananiita mama, naahirisha."

"Pumzika, Bibi Mkubwa."

"Usiniite hivyo leo." Alitafuta pumzi. "Mimi ningekuwa wewe, ningenichukia."

"Kuna siku nilikuchukia," Thomasin alisema. "Halafu ulikuwa ukiamka una homa, sina budi kukufunika. Chuki haikukaa."

Ukweli unaweza kuwa ukweli na ukaja siku mbaya. Thomasin alingoja maziko yapite, lakini hakungoja vya kutosha. Labda angengoja mwaka. Alikuwa amengoja karibu miaka kumi na saba, na kiungo kilichozoea kubeba mzigo, ukikitua kwa ghafla, hakijui kusimama. Alimkuta Ambrose bustanini, chini kwenye ngazi za mto, amevaa nyeusi, akirusha mawe majini. Akamwambia. Alimwambia yote kwa kifupi, bila kujitetea na bila kumlaumu aliyekufa.

Ambrose alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulipofika hapa, mimi nilikuwa na umri gani?"

"Tisa."

"Umekuwa nyumba hii tangu nina miaka tisa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti. "Nilikuuliza. Nilisimama mbele yako nikakuuliza mbona hakuja, nawe ukaniambia nisimame wima."

"Niliapa."

"Nilikuwa mtoto. Nilidhani kuna kitu kibaya kwangu, ndiyo maana hakuja. Kila usiku nilikitafuta hicho kitu ni nini. Na wewe uko ghorofani, unapanga pini."

"Niliogopa nisije nikakukosa kabisa."

"Kwa hiyo ulinipata? Ulipata nini, Bi Askew? Kushona mashati?" Alitupa jiwe la mwisho majini bila kulitazama. "Nimemzika mama yangu jana. Alinipenda watu wakimwona. Wewe unasema ulinipenda pia, lakini kimyakimya. Ningejuaje? Nani aliniambia?"

 Thomasin alisimama pale mpaka Ambrose akapanda ngazi akaingia ndani. Aliona heri angempiga.

Wakati ule vijana wa kasri walikuwa wanavuka bahari kwenda Uholanzi kupigana na Wahispania, wengine kwa imani, wengine kwa kuchoka kubeba birika. Ambrose aliomba kujiunga na kikosi cha Kapteni Rafe Tunstall, akaruhusiwa. Majuma yale yaliyobaki alimsalimu Thomasin kwa adabu kama mtu yeyote wa nyumbani. Siku ya kuondoka alimuaga Lettice, akamuaga Parnell, akampa Crouch mkono. Thomasin alikuwa amesimama mlangoni. Ambrose alisimama mbele yake, akafungua kinywa, akatazama chini, akasema, "Nikirudi tutazungumza."

"Nitakuwepo," Thomasin alisema.

Hakurudi. Hakuuawa vitani, alikufa kwa homa ya kambi katika mji wa Vlissingen kabla ya kumwona Mhispania hata mmoja, akazikwa huko huko na wengine.

Msiba wa watu wakubwa una utaratibu wake. Msimamizi mpya, aliyeshika nafasi ya Crouch, aligawa kitambaa cheusi kwa daraja: kizuri na kirefu kwa mjane na ukoo, cha kati kwa wapambe, cha chini kwa watu wa jikoni. Thomasin alipewa kipande cha mpambe, kifupi, kisichotosha hata mikono. Alikipokea akasema ahsante. Akaenda chumbani kwake akaanza kukikata, na Parnell akamkuta amekaa sakafuni, mkasi mkononi, hakati.

"Una nini, shoga? Sote tumempenda yule mtoto, lakini jikaze."

"Ni wangu, Parnell," Thomasin alisema. "Nilimzaa mimi."

Parnell alikaa chini kando yake. Baadaye aliutoa mkasi mkononi mwake, akamkatia kile kitambaa.

Siku ya ibada kanisa lilijaa watu wa kasri. Lettice, mjane wa miaka kumi na tisa, alikaa mbele na ukoo wa Stanmere. Wapambe walikaa nyuma, karibu na nguzo. Kasisi alikuwa hajaanza Lettice aliposimama, akatembea katikati ya watu wote hadi nyuma, akasimama mbele ya Thomasin.

"Mama mkwe," alisema, si kwa sauti ya juu lakini kila mtu alisikia, "mahali pako ni kule mbele."

Mwinyi Stanmere aligeuka kwenye kiti chake. Uso wake ulikuwa mwekundu. Lakini watu walikuwa wanatazama, na yeye alikuwa mtu wa kasri. Akatazama mbele tena. Thomasin alimfuata mkwewe. 

"Aliniambia usiku kabla ya kuondoka," Lettice alimnong'oneza walipokaa. "Alikuwa na hasira. Lakini alizungumza habari zako mpaka alfajiri."

Kapteni Tunstall alikuja nyumbani baada ya ibada kutoa pole. Alikuwa mtu wa umri wa makamo, mkono mmoja umefungwa. Thomasin alimngoja amalize kuzungumza na Lettice, kisha akamuuliza kama mwanawe aliteseka sana.

"Siku mbili, Bibi. Baada ya hapo hakujua alipo."

"Alisema neno?"

Kapteni alikaza kitambaa cha mkono wake. Alikuwa mkweli, na wakweli huwa wazito wa kusema. "Alimwita mama. Mara nyingi."

"Mama yupi?" Lettice aliuliza upesi. "Alitaja jina?"

"Hakutaja. Alisema mama, basi. Wote husema hivyo." Akamtazama Thomasin, akaona kuna jambo asilolifahamu. "Samahani, Bibi. Ningejua, ningesikiliza vizuri zaidi."

"Atakuwa wewe," Lettice alisema, akimshika mkono. "Ni wewe."

"Hatujui, mwanangu," Thomasin alisema. "Honora ndiye aliyekaa naye akiumwa. Acha awe yeye, kama ndivyo ilivyokuwa. Nafurahi kwamba alikuwa na wa kumwita."

Lettice aliolewa tena mwaka uliofuata, kama Mwinyi alivyotaka, na Thomasin ndiye aliyemvisha. Kisha Thomasin alirudi Scarth, ambayo sasa, kwa kuwa Ambrose hakuacha mtoto, ilikuwa ya binamu wa marehemu Piers, mumewe. Walimpa chumba juu ya ghala la jibini, kizuri, chenye joto la ng'ombe waliolala chini. Watoto wa binamu walikuwa watano, wenye kelele, na walipanda ngazi zake wakati wowote bila kubisha hodi, kumwomba awasimulie habari za Malkia. Aliwaambia kasri ina baridi. Walipotaka kujua kama aliwahi kumwona Malkia kwa karibu, alisema ndiyo, mara nyingi, lakini siku hizo macho yake yalikuwa kwingine.